Mananasi ya bluu na kosa la mtu

Shangazi alikishika kile kitambaa kwa ncha za vidole, akakisogeza dirishani, akashusha miwani mpaka puani, na kabla sijamaliza kumweleza mpango wangu, vile nitakata hapa na kupachika pale, akaniuliza:

"Baba, mbona kosa la mtu unalitia urembo?"

Sikujibu.

Nilicheka tu, kile kicheko cha mtu ambaye hajaelewa, nikamwongeza chai, tukaongea bei ya sukari na mgogoro wa mpaka wa shamba ambao hauishi, jioni nikapanda taksi nikarudi Kampala. Lile swali nalo lilipanda taksi. Wiki zikaanza kupita, mchana nashona yunifomu za shule, usiku nafungua kitambaa nakitandaza mezani, nakiangalia, nakikunja narudisha. Ikafika mahali mke wangu ananiuliza kama kitambaa ni mgonjwa, maana kila usiku naenda kukijulia hali.

Kitambaa chenyewe

Mnaonisoma mnajua mimi ni fundi cherehani wa kawaida na kwilti ndio ugonjwa wangu wa usiku, yani vipande vya nguo vilivyounganishwa juu, kijazio katikati na bitana chini, tabaka tatu zinazoshikwa pamoja kwa mishono, na zaidi ya hapo sitaeleza. Hii nilitaka iwe ya kutundika ukutani, sio ya kumfunika mtu.

Kitambaa kilitoka kwenye sanduku la bati la bibi yangu, kule Walukuba, Jinja. Kilikuwa chini kabisa, chini ya gomesi mbili, yale magauni ya akina mama wa Uganda, na bahasha ya risiti ambazo sijui alikuwa anamwekea nani. Mita tatu na kidogo, pamba tupu, njano iliyoiva, na juu yake mananasi ya bluu yamechorwa kwa mstari mweusi. Sasa hapo ndio kuna utamu. Ile bluu haikukaa ndani ya mstari. Imesogea kulia, upana wa punje ya mchele hivi, kitambaa kizima, kwa hiyo kila nanasi upande mmoja lina kipande cheupe kilichobaki wazi na upande wa pili lina kivuli.

Mimi nilipenda kivuli.

Nilikipenda kitambaa kwa sababu hiyo tu, niseme ukweli. Nikasema aliyechora hiki alikuwa mtu wa kuona mbali, miaka hiyo ya sitini mtu anafanya nanasi litingishike, yani ukiliangalia sana unahisi linataka kushuka. Mpango wote ulisimama hapo: nikate mananasi moja moja, niyapachike kwenye kitambaa kingine, halafu kile kivuli nikizidishe kwa nyuzi za kudarizi, bluu juu ya bluu.

Pembeni kwenye ukingo palikuwa na kauzi kekundu kamefungwa fundo. Uchafu wa zamani, nikasema. Nilikuwa nimeshashika mkasi nikaondoe, simu ikalia, mteja anaulizia kaptula za mtoto wake, nikasahau.

Rola moja ikiteleza

Mwishowe nilimpigia Shangazi simu. Nikaona heri kuuliza kuliko kuumwa kichwa bure.

Shangazi alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha nguo Jinja, sitakitaja, viwanda vilikuwa zaidi ya kimoja ingawa wengi wenu mkisikia Jinja mnafikiria NYTIL peke yake. Hiyo historia tunaijua: bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme ukawepo, viwanda vikaota, watu wakamiminika kutoka kila kona na kila kabila, na ndio maana sisi tuliozaliwa Walukuba tunaota kwa Kiswahili. Kitu ambacho mimi sikukijua, na ni aibu kwa fundi wa nguo, ni kazi yenyewe aliyokuwa anafanya mle ndani. Kumbe alikuwa anakagua.

Akanieleza hivi. Kitambaa cha kuchapwa kwa rola, kila rangi ina rola yake. Rola ya nyeusi imechongwa mistari tu, ya bluu imechongwa yale matumbo ya mananasi tu, ya njano imechukua uwanja unaobaki. Kitambaa kinapita kutoka rola hadi rola, na zote lazima zikutane mahali pamoja, nanasi lile lile, wakati kitambaa kinakimbia. Ikiteleza moja hata kidogo, bluu inatoka nje ya mstari. Mashine yenyewe haijui, inaendelea tu, na mpaka mtu wa rola aone arekebishe, mita nyingi zimeshakwenda.

Halafu kitambaa kinafika kwa wasichana wa ukaguzi. Wanakivuta juu ya meza yenye mwanga, macho yanauma, miguu inauma, na wakiona kosa hawaandiki kitu, wanafunga uzi kwenye ukingo sawasawa na pale penye kosa, ili wanaokata marobota wajue sehemu ya kutoa.

"Uzi wa rangi gani?" nikauliza, na moyo wangu tayari unajua.

"Kwetu wa rangi zilizoteleza ulikuwa mwekundu."

Niliondoka kwenye simu nikaenda kuangalia. Kale kafundo, bana. Kamekazwa vizuri, mara mbili, ncha zimekatwa sawa. Mtu alikafunga akiwa na haraka lakini alijua kazi yake.

Vitambaa vya namna hiyo viliuzwa kwa wafanyakazi wenyewe, bei ya chini. Rejekti. Ndivyo bibi alivyokipata, kupitia kwa binti yake. Nikamuuliza Shangazi, na yule wa rola ilikuwaje? Akasema, "Ilikuwaje nini? Alitukanwa. Kama mita zilikuwa nyingi labda walimkata mshahara."

Sasa mnaona swali lilipotoka.

Nilivyojaribu kujitetea

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa kitenge. Mnajua zile nyufa nyembamba kwenye kitenge cha wax, mistari mistari inayopita juu ya ua bila mpango? Nazo zilianza kama kosa. Waholanzi karne ya 19 walikuwa wanaiga batiki ya Java kwa mashine, ile dawa ya kuzuia rangi ikawa inapasuka, rangi inaingia kwenye mipasuko. Wajava hawakuzipenda nyufa. Pwani ya Afrika Magharibi watu wakazipenda sana, na mpaka leo viwanda vinazitengeneza kwa makusudi, na mtu akikosa nyufa kwenye wax yake anauliza kama ni feki. Kwa hiyo, nikajiambia, kosa likipendwa linakuwa mtindo, kesi imekwisha, lala.

Sikulala. Kwa sababu sio kesi moja. Pale wax, kiwanda chenyewe ndicho kililiuza kosa, tena kwa bei ya juu, na faida kikapata chenyewe. Hapa kwangu kuna mtu alisimama mbele ya bosi akatukanwa, kuna msichana alifunga uzi, na miaka sitini baadaye nakuja mimi na sindano yangu naita ile kitu "kivuli", nasema msanii alikusudia. Hakukusudia! Alikuwa amechoka, au rola imelika, au fundi wa zamu hakukaza kitu.

Na kuna upande wa pili ambao ndio ulinikamata vibaya zaidi. Rola isingeteleza, kitambaa kingekwenda dukani, na bibi hakuwa na pesa za kitambaa cha dukani. Yani hakuna njia ambayo mimi ningekuwa na haya mananasi yakiwa sawa.

Usiku mmoja nilijaribu kuyaona yakiwa sawa. Nikachukua karatasi nyembamba ya pateni, nikachora nanasi moja upya, bluu ndani ya mstari, safi kabisa.

Likawa pazia tu. Pazia la sebuleni.

Mkasi

Kuna ndugu zangu wawili watatu waliosema nisiguse kabisa, niache sandukuni ni kumbukumbu. Hao nawaheshimu lakini hawajawahi kutazama mkunjo wa kitambaa kilichokunjwa miaka mingi mahali pamoja. Nilikifungua kwenye jua la asubuhi, sio jua kali, nikaona mikunjo yote imeshapauka, na kwenye mmoja nyuzi zimeanza kukatika zenyewe, ukipitisha kidole unahisi zinatoa vumbi. Sanduku la bati nalo lilishaacha madoa ya kutu kwenye kona mbili. Kitambaa kilikuwa kinakatwa polepole bila mkasi.

Nikafanya yale ya lazima. Nikapaka maji kwenye kona, nikakandamiza kitambaa cheupe kuona kama bluu inachuja (ilichuja kidogo sana), nikakiloweka maji baridi na sabuni laini bila kusugua, jiki usiitaje hata kwa mbali, nikakilaza bapa kivulini. Kukitundika kwenye kamba kikiwa kimelowa ni kukiua, maji ni mazito na uzi wa zamani hauna nguvu ya kubeba.

Halafu nikakaa na mkasi bila kuutumia.

Wale akina mama wa Gee's Bend, kule Alabama, wananisaidia sana nikikwama. Walishona kwilti kutoka nguo za kazi zilizochakaa, magoti ya suruali yaliyopauka, mifuko iliyong'olewa ikaacha alama ya bluu iliyokolea, na hawakuficha kitu. Mwaka 2002 kwilti zao zikatundikwa kwenye makumbusho Houston na New York, watu wa sanaa wakashika vichwa. Nikizitazama kwenye simu ninachokiona kila mara ni kwamba umbo la kipande limetoka kwa suruali. Goti liliamua.

Basi na mimi nikaacha mikunjo iamue. Badala ya kukata mananasi, nilikata pale pale bibi alipokunja, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kinakufa hata hivyo. Vikatoka vipande vya mstatili, na kwa sababu alikunja kwa mkono akiwa na haraka zake, hakuna viwili vilivyolingana. Mananasi mengine yakakatwa katikati ya tumbo. Iliniuma kidogo, nikaendelea.

Nani amekufa

Hapa nilikaribia kuharibu uhusiano na ukoo mzima.

Nilitaka kutenganisha vile vipande kwa ukanda wa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti linalopondwa. Kwa macho ilikuwa sawa kabisa, ile kahawia ya gome la mutuba karibu na njano, zote mbili ni kazi ya mikono ya Uganda, moja ya nyundo ya mti na nyingine ya kiwanda, na lubugo UNESCO wenyewe waliitangaza urithi mwaka 2005. Nikanunua, nikakata kanda, nikapanga sakafuni, nikapiga picha, nikamtumia Shangazi Watsapu.

Simu ikaingia hata tiki hazijageuka bluu.

"Nani amekufa?"

Nikaanza kueleza, sijui sanaa, sijui urithi, sijui hata Kabaka anasimikwa nayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, ni mtu wa adabu, halafu akasema yeye ameishi na Waganda maisha yake yote na mara nyingi alizoona lubugo kitu kilichokuwa ndani ni maiti, na kama nataka kumviringisha mama yake mara ya pili nimwambie mapema atafute nauli.

Lubugo ikatoka. Jirani yangu hapa gengeni, Muganda wa Masaka, alisema ningekaza tu, kwamba siku hizi wanatengeneza hata mikoba na kofia. Ni kweli. Lakini mimi sikuwa nashonea watalii wa mikoba, na mtu mmoja niliyetaka aielewe ile kwilti alikuwa ameshaniambia anaona sanda. Nikachukua mabaki ya kaki ya yunifomu, yamejaa chini ya meza yangu miaka yote, nikakata kanda kutoka hapo. Kaki na njano hazipendani sana. Lakini ni nguo ya kazi, na mananasi nayo yalitoka kazini, wakazoeana.

Mistari miwili

Kila kipande cha zamani nilikishikiza kwanza juu ya marekani nyepesi, ili uzito ubebwe na marekani. Cha kati, mafundi wa sofa wa Nsambya wanauza dakroni, nilijaribu, ikavimba mno, mananasi yakanenepa. Nikaweka flaneli. Bitana nyuma, nikapiga bandi, nikakaa na sindano ya mkono na uzi wa pamba. Wa poliesta sitaki hapo, una nguvu kuliko kitambaa chenyewe na siku moja utakikata.

Sasa mishono ipite wapi? Hilo ndilo lilikuwa swali la Shangazi, limerudi limevaa nguo nyingine. Nikifuata bluu ilipoangukia, nimelipamba kosa. Nikifuata mstari mweusi, nimelirekebisha, nimejifanya bosi wa zamu.

Nikafuata yote mawili.

Uzi wa bluu unazunguka pale bluu ilipoangukia. Uzi wa njano, ambao ukisimama mbali hauuoni, unapita kwenye mstari mweusi, pale bluu ilipotakiwa kukaa. Katikati ya hiyo mishono miwili unabaki ule upana wa punje ya mchele, na kwa sababu umebanwa pande zote flaneli inausukuma juu, unainuka. Macho yanaweza kupita bila kuona. Kidole hakipiti. Ukipapasa unakuta kila nanasi lina kingo mbili, na umbali kati yake ni ule ambao rola iliteleza siku hiyo, haujaongezwa wala kupunguzwa.

Sikufanya mananasi yote. Yale ya karibu na kafundo kekundu tu, na kafundo nilikaacha kalipo, ukingo umetokeza nje ya kaki ili kaonekane. Mengine yana mishono ya kawaida ya kushikilia.

Kama huku ni kupamba au sio kupamba, bado nabishana na nafsi yangu. Ninachojua ni kwamba mtu akiniuliza kuhusu kivuli sasa namwambia rola iliteleza.

Shangazi alikuja Kampala hospitali, macho, akapita kwangu. Nikaitandaza mezani. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Alivua miwani mipya, akavaa ya zamani, akaanza kuivuta kwilti kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, mkono wa kulia unavuta na wa kushoto unapapasa, na mimi nikaelewa kwamba namuona akiwa kazini. Akasimama karibu na kona ya chini. Mshono wangu wa njano ulikuwa umepinda pale, ni kweli, nilishona hiyo sehemu umeme umekatika. Akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Leta uzi mwekundu."

Akafunga. Mara mbili, akakata ncha.

Bei

Kwilti iko ukutani dukani, juu ya cherehani. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sweta za watoto akaiona, akapapasa, akakaa, akaondoka, kesho yake akarudi akataja pesa. Pesa ya kweli. Ada ya shule muhula mzima.

Nikasema nitafikiria, na nilipokuwa nafikiria nilimfikiria Harriet Powers. Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, na mwaka 1886 kwilti yake ya hadithi za Biblia ilionyeshwa kwenye maonyesho ya pamba. Mwalimu mmoja wa sanaa akaitaka, Harriet akakataa. Miaka michache baadaye hali ikawa ngumu, akamtafuta yule yule mwalimu, akataka dola 10, akapewa 5. Kabla ya kuondoka alimweleza picha moja moja maana yake na mwalimu akaandika, na baadaye alikuwa anarudi pale kuiona kwilti yake. Leo iko Smithsonian, Washington. Watu wengi wakisimulia hii wanakazia dola 5. Mimi nakazia kuandika. Bila yale maandishi tungekuwa tunakisia, tunasema labda hii ni nyota, labda alikusudia hivi.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu yule mama nilishonea kiraka cha marekani nyuma, nikaandika kwa kalamu ya wino usiotoka: kimechapwa Jinja, miaka ya sitini, rola ya bluu iliteleza. Aliyechapa, jina halijulikani. Aliyefunga uzi wa kwanza, msichana wa meza ya ukaguzi. Aliyefunga uzi wa pili, shangazi yangu. Aliyekunja, bibi. Aliyeshona, mimi.

Halafu nikamjibu hapana. Nikampigia Shangazi kumweleza, nikidhani atafurahi.

"Shilingi ngapi alitaja?"

Nikamwambia.

Akanyamaza. Nikasikia redio yake kule nyuma, matangazo ya mbegu za mahindi.

"Kwa rejekti?" akasema. "Na wewe ukakataa? Baba, ulisomea wapi?"

Kimebaki kipande, karibu mita moja, kina mananasi mazima manne na doa moja la kutu. Kinatosha kwilti ndogo. Hiyo itauzwa, yule mama ameshaacha namba, na Shangazi ameshanitumia sauti Watsapu kusema kwamba kazi ya ukaguzi safari hii haitakuwa ya bure na tukubaliane asilimia yake kabla sijashika mkasi.